Mwongozo kamili: kutafuta chanzo cha pikipiki ya zamani ya EFI inayovuta na kuachia

Pikipiki nyingi za EFI, yaani zinazopuliziwa petroli na nozeli inayoongozwa na kompyuta badala ya kabureta, zinazofika gereji hapa Tanga kwa ugonjwa huu zinakuja zikiwa tayari zimeshabadilishiwa kitu. Plagi mpya, nozeli mpya, mara nyingi pampu mpya ya mafuta. Pesa imeshatoka na injini bado inavuta na kuachia vilevile. Vifaa hivyo havikuwa vibovu, ila vilinunuliwa kabla ya kitu chochote kupimwa.

Mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja: vipimo vya bure vinatangulia, vifaa vya bei vinakuja mwisho. Usiruke hatua. Kipimo cha sensa kitakudanganya kama betri ni dhaifu, na presha ya mafuta haina maana kama tangi halipumui.

## Ugonjwa wenyewe

Kuvuta na kuachia ni pale injini inapoongeza na kupunguza nguvu yenyewe huku mkono wako wa mafuta umetulia. Si sawa na kumisi. Inayomisi inakatika ghafla, inagonga, wakati mwingine inapiga baruti kwenye eksozi. Inayovuta na kuachia hupanda na kushuka kwa mdundo, na dereva anaisikia kiunoni.

Chanzo karibu kila mara ni kimoja kati ya viwili. Aidha petroli inayoingia ni pungufu kwa hewa iliyopo, au kompyuta ya pikipiki inapewa taarifa za uongo na inajisahihisha bila kufika mwisho. Petroli huungua vizuri ikiwa na hewa mara 14.7 ya uzito wake. Injini nyingi za zamani za EFI zilipangwa karibu sana na kiwango hicho, au chini yake kidogo kwa upande wa petroli, ili moshi utoke safi. Kwa hiyo hazina akiba. Upungufu mdogo ambao pikipiki ya kabureta ingeuvumilia, hizi zinauonyesha papo hapo.

Pikipiki za BMW R1100GS na R1150GS, kwa mfano, zinafahamika kwa tabia hii kwenye mwendo wa kutulia, hata zikiwa nzima. Kama unayo mojawapo, lengo lako ni kuipunguza hadi isikusumbue. Usitegemee iishe kabisa.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Multimita. Ya namba inatosha, ila ya mshale ni bora zaidi kwenye hatua ya sensa.
- Kitabu cha ufundi cha modeli yako. Nakala kwenye simu inatosha. Namba ninazotoa hapa ni za kawaida kwa pikipiki nyingi, lakini kitabu chako ndicho hakimu.
- Spana, bisibisi, spana ya plagi na fila geji.
- Chupa ya kupulizia maji, ile ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi.
- Chupa ya kioo angavu yenye kifuniko.
- Kopo la kontakti klina, mswaki wa zamani na grisi ya viunganishi vya umeme.
- Pini mbili nyembamba.
- Geji ya presha ya mafuta yenye kiunganishi cha T, inayosoma hadi bar 6. Usiinunue, azima kwa fundi wa magari madogo.
- Daftari na kalamu.
- Mtungi wa zimamoto, au kwa uchache ndoo ya mchanga mkavu.

Onyo: fanya kazi hii nje au mlango ukiwa wazi, mbali na jiko la mkaa, sigara na mashine ya kuchomelea. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini sakafuni na unaweza kufuata moto uliopo mita kadhaa mbali.

## Hatua ya 1: Andika dalili kabla ya kushika spana

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Endesha pikipiki na ujibu maswali haya kwenye daftari.

Inavuta na kuachia ikiwa imesimama kwenye sailensi, yaani injini inaunguruma bila kuguswa mafuta? Elekeza macho kwenye hewa ya wizi (inayoingia kwenye injini bila kupita njia yake), throtobodi (kifaa chenye kisahani kinachoruhusu hewa kuingia) na kifaa cha kurekebisha sailensi.

Inafanya hivyo kwenye mwendo wa kutulia, tuseme kilomita 50 hadi 70 kwa saa, mkono ukiwa umefunguliwa kidogo tu? Fikiria sensa ya throto (inayoiambia kompyuta mkono umefunguliwa kiasi gani), sensa ya oksijeni ya kwenye eksozi, au silinda mbili zisizolingana.

Inaanza vizuri, halafu baada ya kilomita kadhaa inaishiwa nguvu, na ukisimama kidogo inarudi? Hapo ni tangi lisilopumua, pampu inayochoka ikipata joto, au chujio lililoziba.

Andika pia kama injini ilikuwa ya baridi au ya moto, kama mvua ilinyesha, na petroli ulinunua wapi mara ya mwisho.

Umefanikiwa ukiwa unaweza kuueleza ugonjwa kwa sentensi moja: wakati gani, kasi gani, injini ya joto gani. "Inasumbua tu" si jibu, rudi barabarani.

## Hatua ya 2: Ondoa vinavyojifanya ugonjwa wa injini

Cheni iliyochakaa bila usawa, sehemu moja imekaza na nyingine imelegea, inavuta na kuachia pikipiki kwa mdundo uleule. Weka stendi kubwa, zungusha tairi la nyuma kwa mkono polepole, upime ulegevu wa cheni sehemu nne au tano. Tofauti kubwa kati ya sehemu na sehemu inamaanisha cheni na sproketi zimekwisha.

Kisha kebo ya mafuta. Inatakiwa kuwa na mchezo mdogo, kwa nyingi milimita 2 hadi 6 kwenye mkono. Washa injini na ugeuze usukani hadi mwisho kulia, halafu kushoto. Sailensi ikibadilika, kebo imebanwa au imepitishwa vibaya. Pikipiki iliyowahi kuanguka na kunyooshwa usukani mara nyingi ina shida hii.

Angalia mwisho kama breki inashikilia. Tairi likizunguka kwa taabu, tengeneza hilo kwanza.

## Hatua ya 3: Petroli na pumzi ya tangi

Chota petroli kidogo kutoka kwenye tangi uiweke kwenye chupa ya kioo, funga, iache itulie nusu saa. Maji hukaa chini kama duara linalong'aa. Kutu hukaa chini kama unga wa kahawia. Kama kuna chochote kati ya hivyo, mwaga tangi lote, lisafishe, na usiendelee na hatua nyingine mpaka uweke petroli safi.

Sisi wa pwani maji kwenye tangi hayatoki kwenye chupa za petroli za kando ya barabara peke yake. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Pikipiki ikilala na tangi nusu, mvuke hugeuka maji kwenye kuta za juu, kuta hizo zinashika kutu, na kutu inashuka hadi kwenye chujio la pampu. Pikipiki isiyotumika kila siku iwe inalala na tangi lililojaa.

Sasa pumzi ya tangi. Petroli inapotoka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Kitundu cha kwenye mfuniko au mpira mwembamba wa kupumulia ukiziba, tangi linanyonya dhidi ya pampu. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda sana mipira hiyo, na pikipiki iliyokaa chini ya mwembe miezi miwili inaweza kuwa na kiota ndani yake.

Jaribio lake ni rahisi. Endesha hadi ugonjwa uanze, simama mahali salama, fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, na pikipiki ikapona kwa muda baada ya hapo, umeshapata jibu. Zibua kwa waya laini na hewa ya pampu ya baiskeli, baada ya kuchomoa mpira kwenye tangi.

## Hatua ya 4: Umeme, na hasa chumvi

Kompyuta, pampu na nozeli vyote vinategemea volti iliyotulia. Nozeli hufunguka kwa kucheleweshwa kidogo, na volti ikishuka ucheleweshaji huo unaongezeka. Kompyuta hujaribu kufidia, lakini volti inayoyumba inaifanya ikimbizane na kitu kisichotulia.

Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha. Nzima inasoma karibu volti 12.6. Chini ya 12.3, ichaji kwanza. Washa injini, pandisha hadi mizunguko 4,000 hivi. Sasa isome kati ya 13.5 na 14.8. Ikizidi 15 au ikibaki 12, shida ni reguleta au koili ya chaji, na hiyo peke yake inaweza kuwa chanzo cha kila kitu.

Kisha pima upotevu wa umeme. Injini ikiwa inaunguruma, weka waya mmoja wa multimita kwenye nguzo hasi ya betri na mwingine kwenye chuma kisafi cha injini. Usomaji usizidi volti 0.2. Ukizidi, waya wa ethi (unaounganisha nguzo hasi ya betri na chuma cha injini) umeoza mwanzoni au mwishoni. Fanya hivyo hivyo kwenye plagi ya umeme ya pampu: ikiwa inafanya kazi, volti yake isipungue ile ya betri kwa zaidi ya nusu volti.

Sasa fungua viunganishi kimoja kimoja: cha pampu, nozeli, sensa ya throto, sensa ya joto, na kile kikubwa cha kompyuta. Zima switi na uondoe waya hasi wa betri kabla ya kugusa hicho cha mwisho. Pikipiki inayolala Raskazone, Sahare au Mwambani inapuliziwa chumvi kila usiku, na ile kutu ya kijani utaiona ndani ya viunganishi ambavyo kwa nje ni visafi kabisa. Nyunyiza kontakti klina, sugua kwa mswaki, acha vikauke, paka grisi ya umeme kwa kiasi kidogo, rudisha mpaka usikie "klik".

Usipige maji ya presha kwenye viunganishi kujaribu kuvisafisha. Maji yanaingia kwenye mipira na kubaki humo.

Umefanikiwa ukiona volti haichezi injini ikiwa kwenye sailensi, na kutikisa waya kwa mkono hakubadilishi mlio hata kidogo. Ukitikisa waya fulani na injini ikabadilika, simama hapo hapo, ugonjwa uko kwenye waya huo.

## Hatua ya 5: Hewa ya wizi

Ningelazimishwa kuchagua hatua moja tu kwa pikipiki iliyozidi miaka kumi katika joto letu, ningechagua hii.

Kati ya throtobodi na silindahedi kuna mpira au kipande chenye o-ringi. Joto la injini na jua la miaka linaukausha mpira huo mpaka unapasuka nyufa ndogo. Hewa inaingia hapo bila kupita kwenye throto.

Angalia kinachofuata. Hewa ya ziada inapandisha mizunguko. Sensa ya throto inaiambia kompyuta kwamba mkono umefungwa. Kompyuta inaona mizunguko ya juu na mkono uliofungwa, inaamini kwamba unateremka mlima, inakata petroli. Mizunguko inaanguka, kompyuta inarudisha petroli, injini inaruka tena juu, petroli inakatwa tena. Huo ndio mdundo wa vuum, vuum, vuum unaosikika pikipiki ikiwa imesimama. Nozeli mpya haiwezi kuuponya, wala pampu.

Mafundi wengi hutafuta hewa ya wizi kwa kupulizia karbuklina au petroli kwenye maungio injini ikiwa inaunguruma. Sikushauri. Eksozi iko sentimita chache tu, na pikipiki zimeungua hivyo. Tumia maji.

1. Washa injini ikiwa ya baridi, kabla eksozi haijapata moto.
2. Nyunyiza ukungu mwembamba wa maji kwenye ungio moja tu: mpira wa manifoldi (ule wa kati ya throtobodi na silindahedi), upande mmoja kisha mwingine.
3. Subiri sekunde tano, sikiliza. Maji yanaziba ufa kwa muda mfupi, na mlio unabadilika.
4. Endelea na vizibo vya mipira midogo ya vakyumu (mvuto wa hewa wa injini), mpira wa sensa ya presha ya hewa, na o-ringi ya chini ya nozeli. Mwelekeo wa mabadiliko haujalishi. Ipande au ishuke, kubadilika kokote ni ishara.

Usinyunyize koili wala kofia ya plagi, utapata kumisi ambako hakuhusiani na unachokitafuta.

Mpira ukionekana mzima, ufungue uukunje kwa vidole. Nyufa nyingi hazionekani mpaka mpira ukunjwe. Silikoni ya madirishani usiiweke: petroli inailainisha na vipande vinaingia ndani ya injini. Nunua mpira mpya, au kama haupatikani mjini, tafuta unaotoshea kipenyo kileule kutoka modeli nyingine. Klampu zikazwe mpaka mpira usizunguke, zisizidi hapo.

Kagua pia gasketi ya eksozi kama pikipiki yako ina sensa ya oksijeni. Tundu kabla ya sensa linaingiza hewa safi kwenye moshi. Sensa inadhani petroli ni kidogo, kompyuta inaongeza, inazidisha, inapunguza. Masizi meusi kwenye ungio la eksozi ni dalili.

## Hatua ya 6: Filta, plagi na valvu

Hapa ni haraka. Filta ya hewa iliyoziba kwa vumbi, hasa ya pikipiki zinazofanya kazi upande wa Pongwe na Maweni kwenye saruji na chokaa, ibadilishe. Usiendeshe bila filta hata siku moja ukijaribu.

Plagi: nafasi kwa nyingi ni milimita 0.6 hadi 0.9 kufuatana na kitabu. Rangi ya kahawia nyepesi ni nzuri. Nyeupe kabisa ni petroli pungufu, nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi.

Nafasi za valvu zipimwe injini ikiwa ya baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha. Valvu iliyobana haifungi vizuri, na sailensi haiwezi kutulia. Wenye pikipiki za EFI husahau hili wakidhani kompyuta inashughulikia kila kitu.

## Hatua ya 7: Soma taa ya injini

Pikipiki nyingi za zamani za EFI zinatoa namba ya kosa kwa kumemesha taa ya injini kwenye dashibodi. Kwa Honda, mmemeko mrefu ni kumi na mfupi ni moja. Mmoja mrefu na miwili mifupi ni 12, yaani nozeli. Minane mifupi ni 8, yaani sensa ya throto. Saba ni sensa ya joto la injini, moja ni sensa ya presha ya hewa, 21 ni oksijeni, 29 ni kifaa cha hewa ya sailensi.

Kampuni nyingine zina namba zao, na namna ya kuziita inatofautiana. Kitabu kitaeleza waya gani uunganishwe na upi. Usiunganishe waya kwa kubahatisha, kompyuta ya pikipiki ya zamani ni ghali na ni ngumu kuipata.

Kumbuka jambo moja. Taa isipowaka haimaanishi sensa zote ni nzima. Kompyuta hulalamika sensa inapokatika kabisa au kutoa namba isiyowezekana. Sensa inayodanganya kidogo inapita bila kuonekana.

## Hatua ya 8: Sensa zinazodanganya kimyakimya

### Sensa ya throto

Ndani yake kuna mkono mdogo unaoteleza juu ya njia ya kaboni. Mtu anayesafiri Tanga hadi Segera kila juma anaweka mkono pale pale kwa muda mrefu, na kamkono kanatetemeka juu ya sehemu moja tu. Sehemu hiyo inalika. Ndiyo maana pikipiki inaweza kuwa nzima kwenye sailensi, nzima ukifungua yote, na ikasumbua kwenye mwendo wa safari peke yake.

Washa switi bila kuwasha injini. Ingiza pini nyuma ya kiunganishi kwenye waya wa ishara, usitoboe waya. Pima dhidi ya ethi. Mkono ukiwa umefungwa, nyingi zinasoma karibu volti 0.5. Fungua polepole mno, kama sekunde kumi hadi mwisho. Namba ipande bila kuruka hadi volti 4 na ushee. Rudia ukikaa zaidi kwenye robo ya kwanza. Multimita ya mshale itaonyesha mshale ukitikisika pale palipolika, ya namba inaweza kuchelewa kuonyesha.

Ikiruka, sensa imekwisha. Ikiwa throtobodi inaruhusu sensa kurekebishwa, weka alama ya msumari kabla ya kulegeza skrubu, ili uweze kurudi ulipotoka.

### Sensa ya joto

Chomoa, pima ukinzani injini ikiwa ya baridi, kisha washa kwa dakika chache, zima, pima tena. Nyingi zinaanza na omu elfu moja na mamia kadhaa katika joto letu la asubuhi na kushuka hadi mamia machache injini ikiwa ya moto. Kinachotafutwa ni kushuka taratibu bila kuruka. Sensa inayosema injini ni ya moto wakati ni ya baridi inainyima petroli asubuhi.

### Sensa ya oksijeni

Inaanza kufanya kazi ikishapata joto la nyuzi 300 hivi. Ikiwa nzima, volti yake inacheza kati ya 0.1 na 0.9. Kwa pikipiki nyingi za zamani unaweza kuichomoa kwa jaribio fupi. Kompyuta inarudi kwenye hesabu zake za ndani, na taa inaweza kuwaka. Ugonjwa ukiisha ukiwa umeichomoa, shida ni sensa au ile hewa ya eksozi ya hatua ya 5. Irudishe baada ya jaribio, kuiacha nje ni kupoteza petroli.

## Hatua ya 9: Presha ya mafuta

Sasa ndiyo zamu ya pampu.

Onyo: mpira wa petroli wa EFI una presha ya bar 2.5 hadi 3.5. Kwanza chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe, kisha ondoa waya hasi wa betri. Vaa miwani. Funga kitambaa kwenye ungio kabla ya kulifungua.

Funga geji kwa T, rudisha fyuzi au rilei na waya wa betri, washa. Linganisha na kitabu. Honda nyingi ndogo zinatakiwa kusoma karibu kilopaskali 294, na nyingine 343, ambayo ni bar 3 na bar 3.4. Pandisha mizunguko ghafla mara kadhaa. Sindano ya geji ibaki palepale. Ikishuka kila unapofungua mkono, chujio limeziba au pampu imechoka. Iache injini ipate moto kabisa na urudie, kwa sababu pampu zinazokufa huanza kushindwa zikiwa za moto.

Kama presha ni ndogo, kagua kwanza mpira wa ndani ya tangi na chujio la chini ya pampu kabla ya kulaumu mota yenyewe. Mpira wa ndani ukipasuka, petroli inarudi ndani ya tangi bila mtu kuona. Badilisha kwa mpira wa EFI unaoruhusiwa kuzama ndani ya petroli. Mpira wa kawaida wa kabureta utavimba na kupasuka.

Presha ikiwa sawa, pima nozeli: nyingi zinasoma omu 10 hadi 14. Ikiwa ndani ya hapo lakini unashuku uchafu, ipeleke kwa wenye mashine ya kusafishia. Kuchokonoa tundu zake kwa sindano kunaziharibu moja kwa moja.

## Hatua ya 10: Throtobodi na kusawazisha silinda

Masizi yanayozunguka kisahani cha throto yanazuia hewa ya sailensi. Futa kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo tu. Throtobodi nyingine zina rangi nyeusi maalumu ndani ya tundu. Ukiisugua imeondoka na haitarudi, basi soma kitabu kwanza.

Skrubu iliyopakwa rangi nyeupe kiwandani usiiguse. Hiyo imepangwa kwa mashine, na ukiizungusha kidogo kompyuta inapoteza mahali pa kuanzia kuhesabu. Ninaiona imezungushwa kwenye pikipiki nyingi mno, na kuirudisha ni kazi ngumu kuliko ugonjwa wa mwanzo.

Pikipiki yenye silinda mbili na throto mbili inahitaji zivute hewa sawa. Kwa geji mbili za vakyumu, sawazisha kwanza kwenye sailensi, kisha kwenye mizunguko 3,000 hivi kwa kurekebisha kebo. Hicho cha pili ndicho kinachogusa mwendo wa safari, na ndicho kinachoachwa. Kwa BMW za boksa (zenye silinda mbili zinazotokeza pande mbili, kama zile R1100GS na R1150GS), kazi hii ikifanywa vizuri baada ya kupanga valvu hupunguza kuvuta na kuachia kuliko kifaa chochote unachoweza kununua.

## Hatua ya 11: Jaribio la barabara

Baada ya kila marekebisho, jaribu barabarani kabla ya kuendelea na lingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilichoponya, na siku ugonjwa ukirudi utaanza upya.

Tumia kipande kile kile kila mara. Barabara kuu kutoka Kange kuelekea Pongwe inafaa, asubuhi mapema kabla malori hayajajaa. Vaa helmeti, kaa kushoto, angalia kioo. Pasha injini dakika kumi. Kisha shika gia ya nne, kilomita 60 kwa saa, mkono ukiwa umetulia kabisa kwa kilomita mbili. Punguza hadi 50, tulia tena. Simama, sikiliza sailensi kwa dakika mbili, washa taa kubwa na usikilize kama inashuka na kubaki chini.

Umefanikiwa ukiwa mshale wa mizunguko hauchezi kwa jicho, cheni haipigi kelele ya kulegea na kukaza, na sailensi inarudi mahali pake ndani ya sekunde moja au mbili baada ya kuachia mafuta.

Kama umefika hapa na bado inavuta, chukua daftari lako kwa fundi mwenye mashine ya kusoma data ya pikipiki yako. Mpe sentensi ya hatua ya 1, volti ya betri na ya chaji, usomaji wa sensa ya throto mwanzo na mwisho, na presha ya mafuta ya baridi na ya moto. Kwa namba hizo ataanzia ulipoishia, na hatakuuzia pampu ambayo wewe mwenyewe umeshaipima ukaikuta nzima.